Asiyekuwapo na Lake Halipo: Nyumba za Ghorofa na Haki ya Mkazi wa Kisiwa cha Mombasa

(Mazungumzo mbele ya wanaharakati na waumini, Mombasa)



Huenda wako miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini, katika mkutano wa watu waliozoea kuzungumzia katiba, kura na uongozi mwema, tumechagua kuzungumzia ngazi, matangi ya maji na madirisha. Jawabu letu ni fupi. Mwananchi huionja serikali yake kwanza pale anapolala. Akifungua mfereji na maji yasitoke, hapo ndipo anapoijua serikali. Akiamka na kukuta notisi imebandikwa mlangoni, hapo pia anaijua. Na akisikia kwamba mtaa wake utavunjwa na kujengwa upya ilhali hakuna aliyemwuliza neno, basi anajua kwa yakini kwamba mageuzi tuliyoyapigania hayajamfikia.

Tunazungumza kama wanasheria tuliokaa miaka mingi tukisikiliza mashauri ya nyumba na ardhi katika mji huu. Tumejifunza jambo moja: wajenzi hupima nyumba kwa futi na kwa shilingi, lakini mkazi huipima kwa mizani nyingine. Leo tungependa kuiweka mizani hiyo ya mkazi mezani, kisha tuulize sheria inasema nini juu yake.

Ghorofa si jambo geni kwetu

Wako wasemao kwamba ghorofa ni mtindo wa kigeni, na kwamba Mswahili halisi ni wa nyumba ya chini, yenye baraza mbele na ua nyuma. Hilo si kweli. Karne ya kumi na nane wazee wetu wa Lamu na Pate walikuwa tayari wakikaa katika nyumba za mawe za orofa mbili na zaidi. Lamu kuna kitu kiitwacho wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili, ili watu wa jamaa moja, hasa wanawake, wapite upande huu hadi upande wa pili bila kushuka barabarani. Hapa kwetu, kuanzia Kibokoni hadi Mlango wa Papa, zimesimama nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, duka likiwa chini na familia juu. Baba alijenga chini, mtoto akajenga juu yake, na mjukuu akaongeza.

Kwa hiyo tunachojadili si kupanda juu au kubaki chini. Wazee walipanda, lakini walipanda na mambo yao yote: stara yao walipanda nayo, na upepo, na ujirani. Tunachouliza ni kama ghorofa za leo zinawapandisha watu pamoja na mambo hayo, au zinawapandisha watu peke yao.

Kwa nini tunapanda

Sababu ziko wazi. Kisiwa chetu ni kidogo, na bahari imekizunguka. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 939,370 katika Mombasa nzima. Ile ya 2019 ikapata 1,208,333. Wote hao hawakai kisiwani, lakini wengi wao hukitegemea kisiwa kwa kazi, soko, hospitali na shule. Ndiyo maana Majengo, King'orani, Bondeni, Tononoka na Tudor zimebadilika mbele ya macho yetu. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati huvunjwa, na mahali pake hupanda jengo la orofa nne au tano. Wajenzi wengi hukomea hapo kwa makusudi, ili kuepuka gharama ya lifti.

Wala tusiilaumu ghorofa kwa chuki tu, wala tusiipambe nyumba ya zamani kuliko ilivyostahili. Familia sita zilizoshiriki choo kimoja na mfereji mmoja zilijua adha yake. Mama mjane au msichana wa kazi anayepanga peke yake huona fahari kuwa na mlango wenye kufuli yake, choo chake ndani, na jiko ambalo hakuna atakayelichungulia. Hizo ni heri za kweli, na yeyote atakayezidharau hajapata kupanga foleni ya choo alfajiri.

Mambo ambayo mkazi huyathamini

Je, mkazi wa ghorofa huthamini nini? Tukikusanya tuliyoyasikia kwa wateja wetu, kwa majirani na katika jumuiya zetu, tunaona mambo saba.

La kwanza ni mahali. Mtu anayekaa Makadara huenda kwa miguu sokoni, msikitini au kanisani, bandarini au ofisini. Mhamishe Likoni au Kisauni, kodi itapungua, lakini ataanza kulipa kwa namna nyingine. Pale kivuko cha Likoni mpita kwa miguu hatozwi nauli, ila hulipa kwa muda wake. Na aliye upande wa Nyali na Kisauni hulipa matatu asubuhi na jioni. Anayesema kwamba maskini atapata nyumba kubwa zaidi huko bara, na aeleze pia nauli ya mwezi mzima ya baba, mama na watoto watatu wa shule.

La pili ni maji, na pamoja nayo maji taka. Mji huu hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na nyingine kutoka Baricho, Marere na Tiwi, na bado hayatoshi. Ghorofani shida hii huongezeka. Presha ya mfereji ikiwa ndogo, maji hayapandi. Panahitajika tangi chini, pampu na tangi jingine juu ya dari. Na umeme ukikatika pampu hulala. Hapo ndipo mkokoteni wa mitungi husimama mlangoni, na kila mtungi una bei yake na kila orofa ina bei ya kuupandisha. Maji ya kisima, mengi yakiwa ya chumvi, hutumika kwa kufulia na chooni. Kisha maji hayo yote lazima yaende mahali. Ploti iliyochimbiwa shimo moja kwa ajili ya familia sita sasa imebeba familia ishirini, na shimo ni lile lile, na visima vya jirani viko karibu. Mkazi anapouliza juu ya maji huwa ameuliza juu ya afya ya mtaa mzima.

La tatu ni upepo na mwanga. Pwani yetu ni ya joto na unyevu. Wazee walijenga wakijua kusi inavuma kutoka wapi na kaskazi kutoka wapi. Ghorofa mbili zikisimama hatua mbili kutoka moja hadi nyingine, dirisha hufungukia ukuta, na mkazi huwasha taa adhuhuri na feni usiku kucha. Bili ya umeme hiyo haikuandikwa katika mkataba wa kodi, lakini ni sehemu ya kodi.

La nne ni stara. Nyumba ya zamani ilikuwa na daraja zake: mgeni huishia barazani, jamaa huingia ukumbini, na ndani ni kwa wenyewe. Katika ghorofa nyingi za siku hizi mlango wa mbele ukifunguliwa, aliye ngazini huona hadi jikoni. Mama hulazimika kuishi amefunga mlango mchana kutwa, na akiufunga, upepo nao umefungwa. Jambo hili halina gharama kubwa kulirekebisha. Linahitaji tu mchoraji wa ramani amwulize mama mmoja kabla ya kuchora.

La tano ni ujirani. Baraza lilikuwa mahali pa kahawa, pa habari, pa kupatanisha na pa kuwaangalia watoto wa mtaa. Zanzibar ilitupa funzo kubwa katika jambo hili. Baada ya mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume ilivunja nyumba nyingi za Ng'ambo na kujenga majumba ya Michenzani, majengo kumi marefu, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Nia ilikuwa njema: kumpa mnyonge nyumba ya kisasa. Lakini baraza halikuchorwa katika ramani, na wakazi wakalazimika kulibuni upya chini ya majengo, kwenye vivuli na kando ya vibanda vya biashara. Watu hawaachi kukutana kwa sababu mchoraji amesahau. Hukutana hata hivyo, ila kwa dhiki. Ngazi pana yenye mwanga, dari lenye kivuli la kuanikia nguo, uwanja mdogo wa watoto: hivyo ndivyo baraza la ghorofani. Nanyi waumini mnajua kwamba jumuiya isiyo na pa kukutania haidumu.

La sita ni ngazi yenyewe. Mzee anayekaa orofa ya nne bila lifti ni mfungwa asiyehukumiwa. Mwenye ulemavu amehakikishiwa na Ibara ya 54 ya Katiba njia ya kufikia mahali pote kwa kadiri inavyowezekana, lakini jengo lake lina ngazi themanini. Tena kuna jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: siku ya msiba, jeneza haligeuki katika ngazi nyembamba. Tumesikia kwa zaidi ya familia moja kwamba marehemu alishushwa kwa shuka, mabegani mwa vijana, mbele ya wanawe. Mji unaojenga nyumba za kuishi tu, ukasahau kwamba watu huugua na hufa, haujajenga nyumba.

La saba ni uimara na usalama. Mwezi wa Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, likaua karibu watu 50. Mwezi wa Novemba 2024 jengo lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakafa. Wapangaji hawakuwa na njia ya kujua kama nguzo zilitiwa nondo za kutosha. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinamwamuru ajengaye nyumba mpya atie ukuta wa kinga pembeni mwa dari, asije akabeba hatia ya damu mtu akianguka. Na mafundisho ya Kiislamu nayo yamekaza sana haki ya jirani. Dini zetu ziliona zamani kwamba kujenga vibaya ni dhambi dhidi ya mtu mwingine. Sheria imekuja baadaye kuitika.

Haki iliyo nyuma ya ukuta

Mambo hayo saba yote yasimama juu ya jambo moja kubwa zaidi: uhakika wa kukaa. Mkazi asiyejua kama atakuwapo mwakani hatadai ngazi wala tangi.

Mombasa ina ugonjwa wake wa pekee, unaoitwa nyumba bila ardhi. Tangu sheria ya hatimiliki ya 1908, ambayo iliwapa wachache hati na kuwaacha wengi bila kitu, maelfu ya watu wa Pwani wamejenga nyumba zao juu ya ardhi ya mwingine na kulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Kuta ni zako, ardhi si yako. Nyumba ya chini ilipokuwa ya udongo na makuti, hatari ilikuwa ndogo kidogo. Leo watu wanauziana vyumba vya orofa ya tatu juu ya ardhi ya namna hiyo.

Sikilizeni kwa makini hapa. Bunge lilipitisha mwaka 2020 sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo. Kwa sheria hiyo, anayenunua nyumba moja ghorofani anaweza kupata hati yake mwenyewe, na papo hapo akawa mshirika katika ngazi, dari, ua na tangi. Wenye nyumba hizo huunda shirika lao la kusimamia jengo, na kuna kamati ya kusuluhisha migogoro kabla ya kukimbilia mahakamani. Ni sheria nzuri. Lakini mzizi wake ni ardhi yenye hati, iwe ya kudumu au ya mkataba mrefu uliosajiliwa. Palipo na nyumba bila ardhi, mzizi huo haupo. Na mnunuzi aliyetoa akiba ya miaka ishirini hubaki na karatasi ya makubaliano tu. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ulizeni: ardhi hii ni ya nani, na hati iko wapi?

Mpangaji naye ana udhaifu wake. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, humlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ghorofa gani ya kisiwani inapangishwa kwa kiasi hicho? Ulinzi umebaki kitabuni, na bei imeupita. Hilo ni jambo la kuwapelekea wabunge wetu.

Hata hivyo hatuko mikono mitupu. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya nyumba ya kutosha anayoweza kuipata, na usafi unaofaa. Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu ilisema kwamba watu wasio na ardhi waliokaa katika ardhi ya umma, ijapokuwa hawapati hati, wanapata haki ya makazi ambayo mahakama itailinda. Ibara ya 10 inalifanya ushirikishwaji wa wananchi kuwa wajibu, si hisani. Ibara ya 35 inampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Mfano wa Buxton na mitaa itakayofuata

Haya si mambo ya vitabuni. Mwaka 2021 nyumba za zamani za mtaa wa Buxton, hapa kisiwani, zilivunjwa ili zijengwe ghorofa nyingi kwa ubia wa Kaunti na kampuni binafsi. Waliokuwa wakikaa humo walipewa fedha za kuhama na ahadi ya kipaumbele katika nyumba mpya. Baadhi ya wananchi waliupinga mradi, hata mahakamani. Wengine waliuunga mkono, wakisema nyumba zile zilikuwa zimechakaa, na kuchakaa zilikuwa zimechakaa kweli. Mitaa mingine ya umma imo katika mpango huo huo wa kujengwa upya. Tena tangu sheria ya nyumba nafuu ya Machi 2024, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mwenye kuuliza maswali hajiingizi katika mambo ya watu. Anauliza juu ya fedha zake.

Katika mradi wa namna hii swali la haki si kama jengo ni zuri. Swali ni hili: yule mzee aliyekuwa akilipa kodi ndogo ya halmashauri, je, ana uwezo wa kurudi? Kipaumbele cha kununua kwa asiye na fedha za kununua ni kama kupewa nafasi ya mbele katika foleni ya duka wakati mfuko ni mtupu. Mtaa unaweza kupata ghorofa nzuri mno na ukawa umepoteza watu wake.

Mji wa Kale una hatari tofauti. Tangu 1991 unalindwa kisheria kama eneo la hifadhi, na mjenzi anafungwa na masharti juu ya sura na urefu wa nyumba. Tunayaunga mkono. Lakini familia iliyozaa watoto saba, isiyoruhusiwa kupanda juu wala kusaidiwa kukarabati roshani inayooza, itauza. Atakayenunua huenda asikae humo. Hifadhi inayolinda mawe bila kulinda wakazi itatuachia jumba la makumbusho lisilo na mtu wa kukaribisha mgeni.

Wajibu wetu

Ndugu wapendwa, tufanye nini? Tunapendekeza mambo manne, na kila moja laweza kuanza wiki hii.

Kwanza, kila jumuiya, kila kanisa na kila msikiti uandike orodha yake ya yale wakazi wake wanayoyathamini: maji, upepo, stara, ngazi, pa kukutania. Orodha ipelekwe katika vikao vya kaunti kabla ya ramani kupitishwa, maana baada ya msingi kumwagwa, maoni ni maombolezo.

Pili, tuombe kwa maandishi, chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, mikataba ya miradi ya nyumba katika ardhi ya umma: nani anamiliki nini, bei ni ngapi, na mkazi wa zamani atarudi kwa masharti gani. Ahadi ya mdomo hatuikatai, ila tunaiomba iwekwe sahihi.

Tatu, wapangaji wa jengo moja wajue majina ya wenzao na waunde chama chao. Mpangaji mmoja anayelalamika juu ya ufa ukutani huambiwa ahame. Wapangaji ishirini wakilalamika kwa barua moja kwa mwenye nyumba na kwa wakaguzi wa kaunti, barua hiyo haitupwi kwa urahisi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika ghorofa, huenda usipate hata nafasi ya kuujenga.

Nne, tusiachie suala la nyumba bila ardhi likafa kwa uchovu. Limepita serikali ya kikoloni, limepita serikali ya chama kimoja, na limeingia katika enzi ya vyama vingi likiwa bado hai. Kila anayekuja kutuomba kura aulizwe juu yake kwa jina, na jawabu lake liandikwe.

Tulipodai vyama vingi, hatukudai orodha ndefu ya vyama katika karatasi ya kura tu. Tulidai mwananchi aulizwe. Bunge ni mahali pa kuulizwa, na ofisi ya kaunti vile vile. Lakini mahali pa kwanza ni mezani pa mchoraji wa ramani, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Basi tuwepo.